Darasa la Jioni la Utawala Linganishi kwa Wasailiwa wa Utumishi wa Umma: Mwalimu ni Bora, Kitini Kimepitwa na Wakati

Utawala wa umma linganishi, yaani kulinganisha namna nchi mbalimbali zinavyoendesha serikali na watumishi wao, ni somo ambalo watu wengi wanaojiandaa kwa usaili wa kuandika wa Afisa Tawala au Afisa Utumishi hulisoma mwisho, kwa sababu Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 inaweza kukaririwa kifungu kwa kifungu, ilhali swali la kulinganisha nchi mbili halina kifungu cha kukimbilia. Nimehudhuria darasa la jioni la somo hilo katika kituo kimoja binafsi cha hapa Dodoma na kununua kitini chake, na tathmini hii nawaandikia wanaojiuliza kama ada ya namna hiyo inastahili kulipwa. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona pia katika vitini vya vituo vingine, na msomaji anayetaka kupima darasa lolote la aina hii atapata hapa vipimo vya kutumia.

Maoni yangu ni kwamba vipindi vya mwalimu vina thamani kuliko ada inayotozwa, na kitini hakifai kutegemewa hata kidogo.

Nianze na kitini, kwa sababu ndicho kinachotangazwa zaidi na ndicho ambacho wengi hununua bila kuingia darasani. Kinauzwa shilingi 8,000 kwenye stationery iliyo jirani na kituo. Maandishi yake yanasomeka vizuri, lakini sehemu ya Kenya bado inaeleza mikoa minane iliyoongozwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na Rais, kana kwamba Katiba ya mwaka 2010 haikupitishwa na kaunti 47 hazikuanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Sehemu ya Ufaransa inaisifu École nationale d'administration, iliyoanzishwa mwaka 1945, kuwa ndiyo inayoandaa watumishi wa ngazi za juu, wakati shule hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na Institut national du service public tangu Januari 2022. Hata kwa nchi yetu wenyewe, kitini kinaizungumzia OPRAS kuwa ndio mfumo unaotumika kupima utendaji wa watumishi, na PEPMIS iliyochukua nafasi yake haitajwi popote. Katika somo jingine makosa ya namna hii yangevumilika, lakini katika somo hili mabadiliko yenyewe ndiyo yanayotakiwa kuelezwa. Msailiwa anayeandika kwamba Kenya ina mikoa minane amekosa jambo kuu lililotokea katika utawala wa nchi jirani katika kizazi chetu, na msahihishaji hana namna ya kumsaidia.

Kasoro kubwa zaidi ni mpangilio wa kitini. Kila mwanazuoni amepewa nusu ukurasa na kila nusu ukurasa ni orodha ya sifa zenye namba. Fred Riggs ana sifa zake, Max Weber ana zake, na hakuna mahali popote ambapo msomaji anaombwa azitumie kwa ofisi yoyote anayoijua. Anayesoma hivi ataweza kujibu swali la kutaja, na akiulizwa kulinganisha atamwaga orodha mbili zilizosimama bega kwa bega bila kusemeshana.

Darasani hali ilikuwa tofauti kabisa. Mwalimu ni mstaafu wa serikali za mitaa, na tangu kipindi cha kwanza alituomba tufunge vitini. Alichora ubaoni safu tatu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, kisha pembeni akaandika maswali manne: nani anamteua mtendaji mkuu wa mamlaka ya mtaa, nani anaweza kumwondoa, fedha zinatoka wapi, na mtumishi huyo akikosea anamjibu nani. Tulijaza jedwali hilo wenyewe, yeye akisahihisha, na kabla hatujafika swali la tatu kila mtu darasani alikuwa ameona kitu ambacho kitini hakikuwahi kumwonyesha.

Upande wa Tanzania Bara tulianza na ibara za 145 na 146 za Katiba, zinazotambua serikali za mitaa na kusema kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri zipo 184, madiwani wanachaguliwa na wananchi, lakini Mkurugenzi Mtendaji anayesimamia watumishi na bajeti anateuliwa na Rais. Upande wa Kenya gavana anachaguliwa moja kwa moja na wananchi, katibu wa kaunti anapendekezwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti, na ibara ya 203 ya Katiba inaamuru kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Pamoja na hayo yupo kamishna wa kaunti, ambaye ni mtu wa serikali ya taifa na anafanya kazi katika eneo lile lile la gavana. Uganda nayo ilikuwa na mfumo ambao Afisa Mkuu Tawala wa wilaya aliajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya yenyewe, lakini marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakauhamishia uteuzi huo kwa Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa, huku mwenyekiti wa wilaya akiendelea kuchaguliwa na wananchi na mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais akibaki mahali pake.

Hapo dada mmoja aliyeketi mbele aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo Uganda walirudi tulikokuwa sisi?" Mzee hakumjibu moja kwa moja. Aliturudisha mwaka 1972, Tanzania ilipotekeleza sera ya Madaraka Mikoani. Watumishi wa wizara walipelekwa mikoani na wilayani, na kwa macho ya juu juu serikali ilikuwa imesogea karibu na wananchi, lakini halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa na maamuzi yakabaki mikononi mwa watu walioteuliwa na kuwajibika kwa serikali kuu. Sheria za kuzirejesha serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982 na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kutokana na historia hiyo alitufundisha kutenganisha mambo mawili ambayo wasailiwa wengi huyachanganya: kuwahamisha watumishi wa serikali kuu na kuwapeleka karibu na wananchi ni jambo moja, na kuwapa wananchi wa eneo mamlaka ya kuamua na fedha za kutekelezea ni jambo jingine. Nchi inaweza kufanya la kwanza kwa nguvu zake zote bila kuligusa la pili. Kwa msailiwa anayetarajia kuulizwa kuhusu sera ya ugatuaji, yaani kupeleka madaraka kwa wananchi wa eneo, kipindi hicho kimoja kinatosha kurudisha ada yake yote.

Kipindi cha Riggs nacho kilifundishwa vizuri. Mwalimu alieleza kwanza mtu huyo alitoka wapi kimawazo: Mmarekani aliyezaliwa China mwaka 1917, aliyechunguza utawala wa Thailand na Ufilipino, na aliyeongoza kundi la wanazuoni wa utawala linganishi lililoanzishwa mwaka 1960 ndani ya chama cha wataalamu wa utawala wa umma wa Marekani, kundi ambalo kwa miaka ya mwanzo lilistawi kwa fedha za Ford Foundation. Riggs aliona kwamba nchi nyingi zilizotoka katika ukoloni zilikuwa na ofisi, vyeo na kanuni za kisasa, lakini kazi ndani ya ofisi hizo iliendeshwa na mambo mengine pia, kama ukoo, dini, urafiki na biashara. Alilinganisha hali hiyo na prizimu, kipande cha kioo kinachotawanya mwanga mweupe kuwa rangi mbalimbali: mwanga umeingia lakini bado haujatawanyika kuwa rangi zake zote. Sifa ambayo mwalimu aliikazia ni pengo kati ya umbo la nje na utendaji halisi, na mfano alioutoa ni fomu za OPRAS. Mfumo huo, ulioanzishwa mwaka 2004, ulimtaka mtumishi akubaliane na msimamizi wake malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati na kuyapima mwishoni, lakini fomu nyingi zilijazwa zote kwa siku moja pale mtumishi alipotakiwa kupandishwa daraja. Fomu ilikuwepo, saini zilikuwepo, na mazungumzo yaliyokusudiwa hayakufanyika. Darasa zima lilielewa, kwa sababu wengi walikuwa wameshuhudia.

Kutoka hapo alivuka kwenda Rwanda, ambako tangu mwaka 2006 viongozi wa wilaya hutia saini imihigo, yaani ahadi za utendaji, mbele ya Rais, na kwenda Kenya, iliyoanza mikataba ya utendaji mwaka 2004. Nchi tatu zilichukua wazo linalofanana, la kupima utendaji kwa malengo, karibu kwa wakati mmoja, na zikapata matokeo yasiyofanana. Swali la mtihani linaweza kuwa hilo hilo, na jibu lake linataka kueleza nani anafuatilia, hadharani au faraghani, na nini kinampata aliyeshindwa.

Jambo ambalo mwalimu hakuligusa, nami naliona ni upungufu wa kweli, ni ukosoaji wa Riggs mwenyewe. Kipimo chake kinachukulia kwamba jamii za Magharibi ndizo mwisho wa safari na wengine wote wako njiani, na msailiwa anayemtumia bila kulisema hilo atapoteza alama mbele ya msahihishaji makini. Ingefaa pia kumtaja Goran Hyden, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ambaye maandishi yake kuhusu Tanzania yanaeleza nguvu ya mitandao ya undugu na ujirani katika uchumi na utawala, kwa kuwa anaanzia vijijini kwetu, na si katika prizimu.

Nilisikitika zaidi kwamba historia ya mitihani yenyewe ya kuingia utumishi ilipitiwa kwa dakika chache, ilhali sote tulikuwa hapo kwa ajili ya mtihani wa namna hiyo. China iliwapata maofisa wake kwa mitihani kwa karne nyingi hadi ilipoifuta mwaka 1905. Uingereza ilipokea ripoti ya Northcote na Trevelyan mwaka 1854, iliyopendekeza watu waajiriwe kwa ushindani na si kwa kujuana, na mwaka 1855 ushindani wa wazi ukaanza kwa utumishi wa India. Marekani ilipitisha sheria ya Pendleton mwaka 1883, baada ya Rais Garfield kuuawa mwaka 1881 na mtu aliyekuwa akidai cheo. Kwetu, Sekretarieti ya Ajira ilianzishwa kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007 ili kuendesha ajira za utumishi wa umma kutoka mahali pamoja, wakati Kenya kila kaunti ina bodi yake ya utumishi. Msailiwa anayeelewa kwa nini ameketi kwenye chumba cha mtihani badala ya kutafuta mtu wa kumpigia simu ana hoja nzuri ya kulinganisha mkononi, na kituo kingepaswa kuipa kipindi kizima.

Huduma nyingine ni za kawaida. Chumba hujaa, vipindi huchelewa kuanza, na kundi la WhatsApp limefurika matangazo ya nafasi za kazi na uvumi kuhusu kanzidata, yaani orodha ya waliofaulu usaili wanaosubiri kupangiwa kazi, kiasi kwamba maswali ya masomo hupotea.

Linalostahili sifa ni usahihishaji wa mtihani wa majaribio. Mwalimu alirudisha kila karatasi ikiwa na maandishi yake mwenyewe. Kwenye karatasi ya jirani yangu, mbele ya sentensi "Kenya imegatua madaraka zaidi kuliko Tanzania," aliandika kwa wino mwekundu, "Kwa kipimo gani?" Alipoandika upya, jirani yangu alisema kwamba katika uteuzi wa mtendaji mkuu na katika uhakika wa kikatiba wa fedha Kenya imegatua zaidi, lakini kamishna wa kaunti anaonyesha kwamba serikali ya taifa haikuondoka katika eneo hilo. Sentensi hiyo ya pili ilipata alama zote, na nadhani inafundisha namna ya kujibu kuliko kurasa zote za kitini zikiwekwa pamoja.

Kwa anayeamua sasa, ushauri wangu ni kulipia vipindi na kuacha kitini. Fedha ya kitini itumike kuchapisha ibara za Katiba za nchi husika, ambazo zinapatikana bure mtandaoni, na jedwali la maswali manne lijazwe upya kwa mkono kwa nchi nyingine mbili, kwa mfano Rwanda na Ufaransa. Kabla ya kulipa, uliza ni mwalimu gani anafundisha kundi lako, kwa sababu kituo kina makundi mawili, na kundi la Jumamosi husomewa kitini neno kwa neno na mtu mwingine.