Uzoefu wangu: kisu cha jikoni kutoka Kappabashi, na vitu vingine vinavyostahili nafasi kwenye begi

Anayekwenda Japani kwa mapumziko hupewa ushauri mwingi wa manunuzi, na sehemu kubwa ya ushauri huo huhusu vipodozi, peremende na mapambo ya kuweka kabatini. Mimi hupikia familia kubwa mjini Tanga, na baada ya likizo yangu ya Tokyo na Osaka naweza kusema bila kusita kwamba kitu kilichostahili fedha yangu kuliko vyote ni kisu cha jikoni pamoja na jiwe la kukinolea. Nimekitumia karibu kila siku kwa zaidi ya mwaka, kwa hiyo ninachoeleza hapa kimetokana na kazi yenyewe.

Nilikinunua Kappabashi, mtaa wa Tokyo ulio kati ya Ueno na Asakusa, ambako wenye mikahawa wa Kijapani wenyewe huenda kununua vyombo vyao. Mtaa huo una urefu wa takribani mita 800 na maduka zaidi ya 170, na maduka mengi yana fani yake: hili linauza masufuria tu, lile bakuli na vijiti vya kulia, jingine sampuli za vyakula zilizotengenezwa kwa plastiki kwa ajili ya madirisha ya mikahawa. Ukishuka stesheni ya Tawaramachi kwenye njia ya treni ya Ginza, unatembea dakika chache tu kabla ya kuona sanamu kubwa ya kichwa cha mpishi juu ya jengo la kona. Ni vyema kwenda siku ya kazi, kwa sababu maduka mengi hufungwa Jumapili na mengine hufunga mapema jioni. Wauzaji wa huko wamezoea kuulizwa maswali na watu wanaoendesha maisha yao kwa kisu, na walinijibu kwa uvumilivu uleule, hata pale tulipolazimika kutumia programu ya tafsiri ya simu.

Visu vilivyopangwa ukutani ni vingi mno, na asiyejua anachokitaka atachanganyikiwa. Visu vya jadi vya Kijapani, kama deba ya kupasulia samaki na yanagiba ya kukatia minofu ya samaki mbichi, hunolewa upande mmoja tu. Ni vizuri sana kwa kazi yake, lakini vinahitaji mkono uliofunzwa, na kwa kuwa vingi hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, mwenye kutumia mkono wa kushoto hulazimika kuagiza chake kwa bei ya juu zaidi. Kwa jiko la nyumbani ninapendekeza santoku, kisu kilichobuniwa katika karne ya 20 kwa ajili ya familia, chenye bapa pana la takribani sentimita 17 na makali ya pande mbili, ambacho hukata nyama, samaki na mboga bila shida. Wanaokata nyama nyingi wanaweza kupendelea gyuto, ambayo ni ndefu zaidi na yenye ncha kali.

Jambo la pili la kuamua ni chuma. Chuma cha kaboni hushika makali makali kuliko vyote na ni rahisi kunoa, lakini huota kutu upesi kikiachwa na unyevu, na hubadilika rangi kikigusa limau au nyanya. Kwa sisi tunaoishi pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, hilo si jambo la kupuuza. Nilichagua kisu ambacho kiini chake ni chuma cha pua kiitwacho VG10, na mpaka leo hakijaota doa hata moja, ingawa nakifuta na kukikausha kila ninapomaliza kukitumia. Kama una subira ya kukipaka mafuta kidogo kabla ya kukiweka, chuma cha kaboni kitakupa raha kubwa zaidi ya kukata.

Kisu chenyewe kilinigharimu yeni 16,500, na jiwe la kunolea la namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa chembe za jiwe) yeni 3,800. Vipo visu vya bei nafuu zaidi, na vipo vya kuzidi yeni 100,000, lakini kwa maoni yangu kati ya yeni 10,000 na 20,000 mtu anapata kisu cha maisha. Baada ya kulipa, muuzaji aliniuliza jina langu, akaliandika kwa herufi za Kijapani kwenye karatasi ili nilithibitishe, kisha akakilaza kisu juu ya kigogo na kuanza kugonga kwa nyundo ndogo na patasi nyembamba kama msumari. Kila pigo moja lilitoa alama fupi isiyozidi milimita moja, na kwa mamia ya alama hizo jina likajitokeza taratibu karibu na mpini. Kazi hiyo ilifanyika bila malipo ya ziada, kama inavyofanyika katika maduka mengi ya mtaa huo, na ndiyo inayokifanya kisu kuwa zawadi bora kwa mzazi au rafiki apendaye kupika.

Nilipofika Osaka nilikwenda pia Sakai, mji ulio kusini yake, ambao ufuaji wake wa visu ulikua katika karne ya 16, tumbaku ilipoingia Japani na visu vya kuikatia vikahitajika. Mpaka sasa kisu kimoja cha Sakai hupita katika mikono ya mafundi mbalimbali: mmoja hufua chuma, mwingine hunoa, mwingine hutia mpini, ambao kwa kawaida ni wa mti wa magnolia wenye kikuku cha pembe ya nyati. Ningekuwa na fedha zaidi ningenunua deba huko.

Sasa niseme kinavyofanya kazi. Kitunguu hukatika bila kupondeka, na kwa kuwa hakipondeki, hakitoi maji mengi yanayowasha macho. Nyanya za kachumbari hutoka nyembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Nguru nikimkata vipande vya kukaanga, nyama yake hubaki imeshikana, haichaniki pembeni. Tofauti hii inatokana na chuma kigumu, ambacho huweza kunolewa kwa pembe nyembamba ya takribani nyuzi 15 kila upande bila makali kujikunja. Ugumu huohuo ndio udhaifu wake, kwani chuma kigumu humeguka. Kisu cha namna hii hakivunji mfupa, hakipasui nazi, hakikati samaki aliyeganda kwa barafu, na hakipaswi kugusa sahani ya udongo au ubao wa kioo. Kwa kazi hizo weka kisu chako cha zamani au panga, na uwaambie wote wanaoingia jikoni kwako.

Kunoa kunahitaji kujifunza, na ninawasihi wanunuzi wasiache jiwe dukani. Jiwe langu naliloweka ndani ya maji kwa muda wa robo saa hadi mapovu yaishe, kisha nakilaza kisu na kuinua mgongo wake kiasi cha unene wa sarafu mbili, na kukisukuma na kukivuta kwa mwendo mmoja bila kubadilisha pembe. Tope la kijivu linalotokea juu ya jiwe haliondolewi, kwa sababu ndilo linalonoa. Baada ya dakika chache, ukipitisha kidole kwa uangalifu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, utahisi ukingo mdogo unaokwaruza upande wa pili, na hapo unajua upande huo umekamilika na ni wakati wa kugeuza. Nafanya hivyo mara moja kwa mwezi na inatosha.

Miongoni mwa vitu vidogo, naipa nafasi ya kwanza tenugui, kitambaa cha pamba cha takribani sentimita 35 kwa 90, ambacho kwa yeni 1,000 hadi 2,000 kinafaa kufutia vyombo, kufungia chakula, kujifunga kichwani au kutundika ukutani. Vile vizuri hutiwa rangi kwa kuimimina ipenye tabaka za kitambaa, kwa hiyo picha huonekana sawa pande zote mbili. Ncha zake hazipindwi, na hufumuka nyuzi kidogo mwanzoni, lakini ndiyo maana hukauka haraka. Wanawake wa pwani tuna historia na nguo za Japani, maana katika karne ya 20 sehemu ya kanga zilizouzwa kwetu zilichapishwa huko, na nilifurahi kuona jicho la mchoro na rangi lingali hai. Chupa za chai za Zojirushi na Tiger, kampuni zote mbili za Osaka, nazo ni imara, ila angalia chini ya chupa, kwani nyingine hutengenezwa nje ya Japani na huenda ukazipata karibu zaidi na nyumbani.

Birika za chuma za Iwate, mkoa wa kaskazini mwa Japani, ni nzuri na nzito. Uliza kwanza kama unayoitaka inaweza kuwekwa motoni, kwani zile ndogo zilizopakwa enameli ndani ni za kutengea chai tu. Vyombo vya umeme sivipendekezi. Umeme wa Japani ni wa volti 100, wa Tanzania 230 na wa Kenya 240, kwa hiyo jiko la wali lililotengenezwa kwa soko la ndani litaungua siku ya kwanza, na yale ya volti 220 yanayouzwa kwa wageni si nafuu. Waislamu wenzangu wasome pia vibandiko vya biskuti na peremende, kwa kuwa jelatini ya nguruwe na pombe ya kupikia ni vya kawaida.

Mgeni husamehewa kodi ya matumizi ya 10% akinunua bidhaa za kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi katika duka moja kwa siku moja, na nilipokuwa huko nilionyesha pasipoti tu ikapunguzwa papo hapo. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utalipa bei kamili kwanza na kurudishiwa baada ya kukaguliwa na forodha unapoondoka, kwa hiyo fika uwanjani mapema. Kisu kiache ndani ya boksi lake lililofungwa tangu dukani, kwa sababu sheria inakataza kubeba hadharani kisu chenye bapa linalozidi sentimita 6 bila sababu ya msingi, na siku ya safari kiweke kwenye begi kubwa linalokabidhiwa, kamwe si la mkononi. Changu nilikizungushia tenugui mbili juu ya boksi, nikakilaza katikati ya nguo, na kilifika bila mkwaruzo.