Hydra: sintesaiza ya video ya bure, na namna ya kuiunganisha na singeli

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hizi rangi mnazoziona ukutani nyuma yangu, zinazojikunja na kufumuka kila besi inapogonga, sikuzipakua popote. Zinatengenezwa sasa hivi kwa mstari mmoja wa maandishi. Programu inaitwa Hydra. Ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari: fungua hydra.ojack.xyz, umeshaingia. Hakuna cha kusakinisha wala akaunti ya kufungua.

Aliyeiunda ni msanii Olivia Jack, kwa mfano wa mitambo ya zamani ya video. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Chicago, Dan Sandin alijenga mtambo wa masanduku ya saketi yaliyounganishwa kwa nyaya. Picha iliingia huku, ikatoka kule imegeuka kabisa. Michoro ya mtambo ule aliigawa kwa yeyote aliyetaka kujijengea wake. Hydra nayo msimbo wake uko wazi, na kwangu hilo lina uzito mkubwa.

Haya, tazama skrini. Naandika osc(20, 0.1, 1.2).out() kisha nabonyeza Control, Shift na Enter kwa pamoja. Mistari ya rangi hiyo, inatembea. Osc ni oskileta, yaani kitengeneza mawimbi, ileile ya kwenye sintesaiza ya sauti. Kwenye spika, masafa yakipanda noti inakuwa nyembamba. Hapa yakipanda, mistari inasongamana. Naifanya 20 iwe 200. Umeona? Namba ya pili ni mwendo, ya tatu inazitenganisha rangi. Ukiwa umewahi kushika sintesaiza yoyote ya muziki, sehemu kubwa ya Hydra unaijua tayari.

Naongeza .kaleid(6), picha inajirudia kuzunguka kitovu. Halafu .modulate(noise(3), 0.2). Hapa ndipo utamu ulipo! Ile noise huioni yenyewe. Kazi yake ni kuisukuma picha ya kwanza huku na huku, wimbi moja likilipinda jingine. Programu nyingi za video hukupa madoido ambayo mtu mwingine ameshayamaliza. Hydra inakupa mawimbi, umbo unalitafuta wewe.

Sasa muziki. Nimewasha singeli, na singeli mnaijua, inapita mapigo 200 kwa dakika. Ukiandika a.show() unaona vijiti vinavyoonyesha nguvu ya sauti, besi ikiwa a.fft[0]. Sikiliza hapa vizuri, maana wengi hukwama: usiandike a.fft[0] peke yake. Mahali pa namba andika () => a.fft[0]. Bila ule mshale, Hydra inasoma thamani mara moja tu na picha haifuati muziki. Jambo la pili ni ulaini, yaani namna vile vijiti vinavyobadilika polepole au haraka. Mwanzoni umewekwa 0.4, unafaa kwa muziki wa taratibu, lakini kwa singeli picha inachelewa. Shusha, a.setSmooth(0.1), na kila pigo linaonekana. Ila jamani, kwa kasi hiyo usiweke mimweko ya nyeupe na nyeusi mbele za watu. Mwenye kifafa anaweza kudhurika.

Kasoro zipo. Hydra inasikia kupitia maikrofoni, kwa hiyo ukumbini inanasa na kelele za watu. Ukiwa na kifaa cha kuingizia sauti kutoka kwenye mikisa, kichague kwenye mipangilio ya kivinjari badala ya maikrofoni ya kompyuta. Kompyuta yenye kadi dhaifu ya michoro itakwamakwama ukirundika amri nyingi. Punguza ukubwa wa picha kwa setResolution(640, 360). Kwenye simu inafunguka, lakini kuandika mabano yote hayo kwa kidole ni mateso.

Na haitoi sauti. Kwa sauti mimi naiunganisha na Strudel, programu ya kutengeneza muziki kwa maandishi, nayo ni ya bure na ya kwenye kivinjari, iliyotokana na programu nyingine ya aina hiyo, TidalCycles. Mstari wa kwanza andika await initHydra(), na amri za Hydra zinafanya kazi humohumo. Maikrofoni huihitaji tena. Natengeneza mpangilio wa namba, let p = "4 3 6 5". Naandika shape(H(p)).out(), halafu chini yake n(p).scale("A:minor").s("sawtooth"). Sikiliza na utazame kwa pamoja: noti inabadilika, umbo nalo linabadilika, pembe nne, tatu, sita, tano. Namba zilezile zinapiga na zinachora.

Kitu cha mwisho: kila unachokiandika na kukiendesha kwenye Hydra kinahifadhiwa ndani ya anwani yenyewe ya ukurasa. Nakili anwani yako, ibandike chini ya video hii. Nitaifungua na kuichezea singeli.