Ziara ya Fort de Chartres: nyota mbili, na zote ni za ghala la baruti

Mwezi wa sita shemeji yangu alikuja kututembelea hapa St. Louis, Marekani, nikampeleka kuona Fort de Chartres, ngome ya Wafaransa iliyoko ng'ambo ya mto Mississippi, jimbo la Illinois, karibu na kijiji cha Prairie du Rocher. Tulilipia ziara ya siku moja, dola 85 kwa kichwa, dereva na mtembezaji humo humo. Kampuni siitaji. Gari lilichelewa dakika 40 na kiyoyozi kilikuwa kibovu, lakini hayo ningeyameza.

Lililonikaa kooni ni ukuta. Mtembezaji alitusimamisha mbele ya lango akatuambia tuyatazame mawe yaliyopangwa na Wafaransa wenyewe miaka ya 1750. Watu wakapiga picha. Shemeji ni mwashi wa siku nyingi. Alisogea, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mawe mawili, akanifinya: "Shemu, hii kazi ya juzi. Kona bado kali hizi."

Kweli tupu. Lango lile lilijengwa upya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kuta zikainuliwa tena mwaka 1989 juu ya misingi ya zamani. Si siri, na wala si aibu, kwa sababu ngome yenyewe ililiwa na mto. Ya kwanza, iliyokamilika 1720, ilikuwa ya magogo, Mississippi ikawa inaifurikia. Wakajenga nyingine ya magogo, yaleyale. Ndipo miaka ya 1750 wakaamua mawe ya chokaa. Jasho lote lile, halafu mwaka 1763 Ufaransa ikaikabidhi nchi hiyo kwa Waingereza kwa mkataba wa Paris! Waingereza waliingia 1765, wakaiita Fort Cavendish, homa ikawasumbua, mto ukazidi kusogea, na mapema miaka ya 1770 wakaihama. Ukuta wa kusini ukaporomokea majini.

Haya mtembezaji aliyapita mbiombio. Waafrika waliotumikishwa utumwani katika vijiji vya Wafaransa vya bonde hilo hakuwagusia kabisa, hata nilipomuuliza.

Sasa uzuri. Kilichosalia cha Wafaransa juu ya ardhi ni ghala la baruti, kijumba cha mawe ambacho watalii wenzetu walikipita wakidhani ni stoo. Inasemekana ndilo jengo kongwe kuliko yote Illinois. Nje jua linachoma, mbu wa bondeni wanakufuata. Ukiinama kuingia, baridi inakupokea. Kuta nene, na juu dari ya mawe iliyopinda kama mgongo wa mtumbwi uliofunikwa. Shemeji alisimama katikati, shingo juu, kimya. Kisha akaanza kunieleza jinsi mafundi walivyotangulia kusimamisha kiunzi cha mbao, wakapanga mawe juu yake, wakakaza jiwe la katikati, ndipo wakaondoa mbao. Nilijifunza mengi hapo kuliko safari nzima.

Ushauri wangu: nendeni kwa gari lenu, ni mwendo wa saa moja na kitu, na muanzie ghalani kabla ya lango.

Tuliporudi, mtembezaji alipitisha kofia ya bakshishi. Shemeji alitoa dola tano, akazishika mkononi mpaka tulipofika mbele, akampa dereva.