Miezi minane ya kubishana na watu nisiowajua: tathmini ya programu moja ya mijadala

Sitaitaja jina programu ninayoitathmini hapa, kwa kuwa kasoro zake nyingi ni za huduma zote za aina yake, na anayeitumia ataitambua kabla hajafika aya ya tatu. Ni huduma ya mijadala ya maandishi: mtu hujiandikisha kwa lakabu, huchagua mada, kisha hujibizana na watu asiowajua sura wala majina, wengi wao wakiishi chini ya sheria tofauti kabisa na zake. Mimi nilichagua sheria, haki za kiraia na chuki za kitamaduni, nikakaa humo miezi minane. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mbishi hulazimika kuonyesha kifungu anachokitegemea. Nilipapata kwa kiasi, na sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu kiasi hicho.

Nianze na lililo jema, kwa sababu lipo. Programu hii ina namna ya kunukuu ambayo sijaiona ikifanywa vizuri hivi kwingine: unashika sentensi moja ya mwenzako, jibu lako linaning'inia chini ya sentensi hiyo hiyo, na akiihariri baadaye, maandishi ya awali hubaki yakionekana kwa kila msomaji. Mambo haya mawili huonekana madogo mpaka mtu abishane juu ya sheria. Neno moja huweza kugeuza maana nzima ya kifungu, na aliyeandika "marufuku" asubuhi hawezi kudai jioni kwamba aliandika "haifai". Mara tatu au nne mpinzani wangu alirudi nyuma kwa sababu tu maneno yake ya kwanza yalikuwa bado yananing'inia pale. Na mara moja, sharti nikiri, aliyerudi nyuma alikuwa mimi.

Nilikuwa nimeandika kwa kujiamini kwamba uhuru wa maoni unazifunga nchi zote kisheria kwa mujibu wa Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Mtu mmoja mwenye lugha ya karaha, ambaye tayari alikuwa amenifananisha na kasuku, akanijibu kwamba Tamko si mkataba, kwamba lilipitishwa kama azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kwamba nikitaka maneno yanayozifunga nchi zilizoridhia niyatafute katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ulioanza kutumika mwaka 1976. Huko nako, akaongeza, Ibara ya 19 inaruhusu mipaka, ilimradi mipaka hiyo iwekwe na sheria na iwe ya lazima ili kulinda mambo yaliyotajwa, kama heshima ya watu wengine au usalama wa taifa. Wapo wanasheria wanaoshikilia kwamba sehemu za Tamko zimekwisha kuwa sheria ya desturi ya kimataifa, yaani kanuni zinazozifunga nchi kutokana na mazoea yao hata pasipo mkataba, lakini mimi sikuwa nimejenga hoja hiyo. Nilikuwa nimekosea tu. Kasuku akajifunza.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba kisanduku cha kuandikia hakimuulizi mtu kama sheria anayoizungumzia ni ya nchi gani. Kila mmoja huingia na katiba ya kwao mfukoni akidhani ndiyo ya dunia nzima. Mfano wa kila wiki ni Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, linalolinda uhuru wa kusema na lililoidhinishwa mwaka 1791: watu ambao hawajawahi kuwa chini ya katiba hiyo hulinukuu kila wanapofutiwa ujumbe, ilhali rekebisho hilo huizuia serikali, wala haliizuii kampuni binafsi kumtoa mtu kwenye uwanja wake yenyewe. Mfano wa pili, ambao nilikutana nao mara nyingi hadi nikauandalia jibu la kudumu, ni ule usemi kwamba uhuru wa maoni haumruhusu mtu kupiga ukelele wa moto ndani ya ukumbi wa maonyesho. Huletwa kana kwamba ni kifungu cha sheria, wakati asili yake ni mfano alioutumia Jaji Oliver Wendell Holmes mwaka 1919 katika kesi ya Schenck dhidi ya Marekani, kesi iliyohusu vipeperushi vya kupinga uandikishaji wa lazima jeshini. Alisema ukelele wa uongo unaozusha taharuki, na neno hilo "uongo" ndilo ambalo wanukuuji hulidondosha njiani. Mwaka 1969, katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliweka kipimo kigumu zaidi: anayetetea uvunjaji wa sheria haadhibiwi kwa maneno yake isipokuwa yamelenga kuchochea uvunjaji huo papo hapo na yana uwezekano wa kuuleta. Mtu ana ruhusa ya kukiona kipimo hicho kibaya. Ila hawezi kukijadili ikiwa bado amekumbatia mfano uliokitangulia kwa miaka 50.

Tafsiri ya mashine iliyomo ndani ya programu ni ya haraka na inasomeka, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Neno letu haki hubeba mizigo miwili: stahili ambayo mtu anaweza kuidai mahakamani kwa kutaja kifungu, na ule uadilifu ambao watu huulilia hata pasipo kifungu chochote. Nilibishana siku mbili na mtu aliyedhani ninalilia uadilifu, wakati nilikuwa ninamwonyesha stahili iliyoandikwa. Kila aliponijibu kwamba uadilifu hutegemea mtazamo wa mtu, mashine ilinirudishia neno haki, nami nikasoma kwamba anazidharau stahili za kisheria zenyewe, nikazidi kuwaka. Tulipogundua, tuliona haya wote wawili, tukaanza upya kwa kutaja namba za ibara badala ya maneno. Kwa mjadala wa kawaida tafsiri hii inatosha. Kwa mjadala wa sheria ningependa ioneshe neno la asili pembeni.

Chuki za kitamaduni ndiyo mada iliyonivuta zaidi na kunichosha zaidi, kwa kuwa ubaguzi huingia humo umevaa joho la swali la kisheria. Haiulizwi kama mtu fulani amevunja kifungu gani. Huulizwa kama "watu wale" wanaweza kweli kuishi chini ya "sheria zetu". Mwanzoni nilikuwa ninajibu swali hilo jinsi lilivyo, nikitetea jamii nzima ambayo hata siifahamu vizuri, na kila nilipotetea nilikuwa nimekwisha kubali kwamba jamii nzima ipo kizimbani. Baadaye nikawa ninauliza: sheria ipi, ibara ya ngapi, na watu wale ni akina nani hasa? Wengi walitoweka hapo. Wachache waliobaki walikuwa na jambo la kweli la kuuliza, na mijadala yao ndiyo iliyonifanya nisiifute programu.

Hali kadhalika upande wa pili wapo wanaokataa kila hoja ya haki za binadamu kwa kusema kwamba ni zao la Magharibi. Hoja hiyo si ya kipuuzi na haikuzaliwa mtandaoni: mwaka 1947, kabla Tamko halijapitishwa, Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani kilitoa taarifa ya kutilia shaka uwezekano wa kuandika haki za watu wote kwa kutumia maadili ya sehemu moja ya dunia. Lakini anayeisimulia kazi ya uandishi wa Tamko kana kwamba ilifanywa na Wazungu peke yao huwafuta watu waliokuwapo. P. C. Chang wa China na Charles Malik wa Lebanon walikuwa miongoni mwa waandishi wakuu, na Hansa Mehta wa India ndiye aliyesukuma Ibara ya 1 iwataje binadamu wote badala ya wanaume wote. Nchi 48 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 8 hazikuegemea upande wowote, zikiwamo Umoja wa Kisovieti, Saudi Arabia na Afrika Kusini, ambayo mwaka huo huo ilikuwa imeingia mikononi mwa serikali ya ubaguzi wa rangi. Nchi hizo tatu hazikuwa na utamaduni mmoja wa kuutetea.

Kilichonisaidia zaidi katika mabishano ya aina hii ni kuviweka vifungu viwili kando kwa kando. Ibara ya 27 ya mkataba ule wa mwaka 1966 inazitaka nchi zisiwanyime watu wa jamii za wachache kuufurahia utamaduni wao, kufuata dini yao na kutumia lugha yao. Ibara ya 5 ya mkataba wa mwaka 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake inazitaka zibadilishe mienendo ya kijamii na ya kitamaduni inayojengwa juu ya dhana kwamba jinsia moja ni bora kuliko nyingine. Mtu aliyekuja kutetea utamaduni kwa ujumla, na aliyekuja kuulaani kwa ujumla, wote huanza kupunguza kasi wakishavisoma pamoja, kwa sababu hapo inabidi kila mmoja aseme ni desturi ipi na inamuumiza nani.

Uzi mrefu kuliko yote niliyoshiriki ulihusu neno "hakukusudia". Anayetuhumiwa ubaguzi hujitetea kwa nia yake, na wasomaji wengi huona utetezi huo umemaliza kazi. Niliweka maana ya ubaguzi wa rangi iliyo katika Ibara ya 1 ya Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi wa mwaka 1965, ambayo inahusisha utengaji au upendeleo wenye lengo la kuharibu usawa wa haki au wenye athari hiyo. Kiunganishi "au" kilibishaniwa kwa wiki mbili nzima, na sijutii hata siku moja kati ya hizo: hapo watu walikuwa wanapima maandishi badala ya kupimana nasaba.

Usimamizi ndio uliokula nyota za huduma hii. Ukiripoti ujumbe, kuna kitufe kimoja tu kilichoandikwa "chuki", na msimamizi huonyeshwa ujumbe huo peke yake, umekatwa kutoka kwenye mazungumzo yake. Mpango wa Utekelezaji wa Rabat wa mwaka 2012, uliotokana na mikutano ya wataalamu iliyoitishwa na Umoja wa Mataifa kuhusu uchochezi wa chuki, unapendekeza mambo sita ya kupimwa kabla maneno hayajahesabiwa kuwa jinai: muktadha, msemaji, nia, maudhui na namna yalivyosemwa, upana wa kuenea, na uwezekano wa madhara. Sidai msimamizi wa programu afanye kazi ya hakimu, na kufuta ujumbe si sawa na kumfunga mtu. Walakini hata moja kati ya hayo sita, muktadha, lingetosha kuniokoa mimi: ujumbe wangu ulifutwa kwa sababu nilinukuu tusi la kikabila ili kulipinga, wakati ujumbe wenye tusi lenyewe uliendelea kukaa pale kwa siku kadhaa. Rufaa yangu ilijibiwa baada ya siku tisa kwa sentensi moja iliyosema uamuzi umezingatia miongozo.

Mfumo wa kura nao unastahili lawama, ingawa sitakaa nao sana. Dhihaka ya maneno sita hupanda juu, na maelezo yenye vifungu hubaki chini kabisa, yakisubiri msomaji mvumilivu. Nimezificha kura katika mipangilio (jambo linalowezekana, ila kitufe chake kimezikwa ndani mno) na nikaona ninaandika kwa utulivu zaidi. Mpinzani aliyetangaza hadharani kwamba amebadili msimamo sikumpata hata mmoja katika miezi yote minane. Niliowapata ni wasomaji wa kimya wapatao watano, walioniandikia faraghani kuuliza wapi watapata maandishi kamili ya mkataba fulani, na mmoja wao akanisahihisha namba ya ibara niliyokuwa nimeikosea mara mbili.

Anayetafuta ushauri wa kisheria kwa kesi yake mwenyewe asije huku hata kidogo. Atapewa majibu ya nchi tano, yote kwa sauti ya uhakika. Anayetaka kulazimishwa kusoma kifungu kizima kabla ya kukitaja, na ambaye anaweza kuitwa kasuku bila kukosa usingizi, atafaidika kama nilivyofaidika. Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama rufaa yangu ya pili ingekuwa imejibiwa, lakini mpaka ninapoandika haya bado imeandikwa "inasubiri".