Boti ya uvuvi Mirbat: nililipia Julai, nikaipanda Oktoba

Nianze na nyota, maana najua wengine mnasoma hapo tu na kufunga. Nahodha nampa nne kati ya tano. Ofisi ya Maskati iliyotuuzia safari ya kwanza, mimi ndiye ninayeidai.

Safari ilikuwa zawadi ya Baba. Alikuja kutoka Unguja mwezi wa Juni, mara yake ya kwanza kunitembelea hapa Seeb, Oman, jirani na Maskati, na baada ya wiki mbili za kiyoyozi akaanza kunyong'onyea. Mtu aliyevua Mkokotoni tangu hajaota ndevu, umkalishe kwenye kochi atazame mpira wa marudio, utakuwa unamtesa. Nikaingia ofisi moja ya safari nikaulizia uvuvi. Kijana akanitolea picha ya nguru mrefu kama meza ya kulia. "Mirbat, Dhofar. Wakati wenyewe ndio huu, msimu wa khareef, manyunyu ya kusi." Riali 60 nusu siku, pesa ikishalipwa hairudi. Nikalipa. Kumbe msimu wa watalii na msimu wa samaki ni vitu viwili, nami nimekaa nchi hii miaka tisa sijui.

Tukaruka hadi Salalah, mji mkuu wa huo mkoa wa Dhofar kusini mwa nchi, wiki ya pili ya Julai. Manyunyu, ukungu mpaka kwenye vioo vya gari, majabali ya kijani, na barabarani vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Baba akashuka, akanywa dafu lake, akasema, "Hapa mmeniletea Unguja." Furaha yake ikadumu kilomita sabini hivi, mpaka tulipofika Mirbat ufukweni. Maboti ya faiba yote yako juu mchangani, mengine yamepinduliwa kifudifudi, mashine zimevuliwa. Bahari nayo ikinguruma kama lori linalopanda mlima. Baba akaniangalia, akaiangalia bahari, hakusema kitu. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Nahodha tulimkuta bandani kwake, anashona jarife. Nikampa karatasi ya ofisi. Akaisoma mara mbili, akaniuliza kwa Kiarabu nani kaniuzia. Hakuwa na habari yoyote. Jina lake na picha ya boti yake walivichukua mwaka uliopita, wakaviweka kwenye orodha yao, basi. Angeweza kutuvusha hata kwa kutuzungusha mita mia mbili mbele ya bandari, apate chochote. Akasema hapana. Mpaka Septemba hapakii mtu, na boti zake anazilaza. Nyota mbili za kwanza kazipata hapo hapo, kwa boti ambayo hatukuipanda.

Kisha akatukaribisha chai ya maziwa, na hiki ndicho kipande nilichotaka kukuandikieni.

Baba alitaka kujua. Kwao upepo wa kusi huvuma pia, mwezi huo huo, na wavuvi wanavizia, wanavua ndani ya mwamba, siku nyingine wanatoka. Kwa nini hapa mji mzima umekunja nyavu? Nahodha hakujibu. Akamchukua mpaka ukingoni, pale wimbi linapoishia, akamwambia kwa ishara: tia mkono. Baba akakunja kanzu, akainama, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko. Akautoa upesi kama kaguswa na kiwavi. Akautazama. Akautia tena, taratibu, akauacha mle kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. "Mwanangu," akaniita, "hili maji la wapi hili?"

Swali lake lilikuwa sahihi, maana maji yale si ya pale. Ni ya kilindini. Tuliporudi bandani nahodha akatuonesha simuni ramani ya joto la bahari ya asubuhi hiyo: ukanda wa buluu umekumbatia pwani yote ya Dhofar, nyuzijoto 20 na kidogo, na wiki hiyo hiyo bahari ya kwetu Maskati ilikuwa imepita 30. Nchi moja, wiki moja. Akashika gilasi ya chai iliyoanza kuganda utando juu, akapuliza. Utando ukakimbilia upande wa pili, chai ya chini ikaonekana. Akasema upepo unafanya hivyo kwa miezi mitatu bila kupumzika: unayaondoa maji ya juu yenye joto, ya chini yanapanda kushika nafasi.

Gilasi imerahisisha kidogo, nami nilikwenda kuuliza zaidi. Kusi ya Dhofar haivumi kutoka nchi kavu kwenda baharini, inakwenda sambamba na pwani kuelekea kaskazini mashariki. Kinachoyapeleka maji nje ni mzunguko wa dunia, ambao kaskazini mwa ikweta huyapinda maji kuelekea kulia mwa upepo. Kulia hapo ni bahari kuu. Nilipomweleza Baba, akakaa kimya, akachora kwa kidole mezani. "Na kwetu je?" Kwetu ni kinyume: kusini mwa ikweta yanapinda kushoto, na ukienda na kusi kutoka Dar kwenda Lamu, kushoto kwako ni nchi. Kwa hiyo kusi ya Unguja inayasukumia maji pwani, na hii ya huku inayafukuza. Upepo ni mmoja, ule ule uliokuwa ukizirudisha majahazi Arabuni, ukishavuka mstari unageuza kazi. Baba alikipenda kile kichoro mpaka akanitaka nimpigie picha ampelekee mwenzake Nungwi.

Na ule ukungu mnaokwenda kuupiga picha pia unatoka humo. Hewa yenye unyevu inapita juu ya maji baridi, inapoa, inagonga milima, inakuwa manyunyu. Kwa hiyo kila familia iliyotandika mkeka kwenye majani kule Salalah mwezi wa saba imekaa juu ya kazi ya maji ya kilindini.

Ofisi ya Maskati ilinirudishia nusu, baada ya wiki tatu za simu na meneja ambaye kila siku yuko mkutanoni. Nayaacha.

Nahodha alituambia turudi baada ya tarehe 15 Oktoba, si kabla. Kwanza bahari iwe imelala. Pili, nguru nchi hii haruhusiwi kuvuliwa kuanzia 15 Agosti hadi 15 Oktoba, wakati wa kutaga, na yeye hachezi na hilo. Nilijaribu kumbembeleza tarehe za mwanzoni kwa sababu ya likizo yangu. Akanijibu kwa ujumbe wa neno moja: la.

Baba akaongeza viza. Mwishoni mwa Oktoba tukaenda kwa gari, saa kumi na mbili na ushee njiani, jangwa mpaka unasahau kama kuna rangi nyingine. Tulipofika, kama nchi imebadilishwa. Ukungu hakuna, bahari imetulia kama sinia, na Taqah, kabla hujafika Mirbat, harufu inakupokea kabla ya mji: dagaa wameanikwa chini, eneo la kiwanja cha mpira, wanameta kama bati jipya. Wale saradini wa hapa ni wanene kuliko dagaa tuliowazoea. Wanavutwa kwa juya kuanzia kipindi hicho mpaka miezi ya mbele, na wengi wanakwenda kuwa chakula cha mifugo. Baba alipomwona ngamia anatafuna dagaa alisimamisha gari. "Kwetu watu wanagombea dagaa, huku anapewa ngamia?"

Lakini hao dagaa ndio jawabu la kwa nini ungoje. Maji ya kilindini yanapanda na mbolea ya miaka, mabaki yote yaliyozama. Yakifika juu penye jua, planktoni, vijimea vidogo mno vya majini, zinastawi mpaka bahari inakuwa ya kijani, dagaa wanashiba, kisha nguru na jodari wanafuata dagaa. Hata miamba ya huku ina mwani mkubwa unaostawi kwa baridi ya kusi kisha unakufa, ndiyo malisho ya yule konokono bapa ghali, sufaila, anayezamiwa siku chache tu msimu wake ukifunguliwa. Si neema tupu: maji hayo ya chini yana hewa haba, na nahodha anasema iko miaka samaki wa mwambani wanasogea wenyewe maji machache, wamelegea, unawaokota kama maembe. Hapo, anasema, usifurahi, kuna kitu hakiko sawa chini.

Sasa boti yenyewe. Futi 25, faiba, mashine mbili, moja inakohoa ikiwashwa. Riali 50 moja kwa moja kwake, pamoja na chambo na maji ya kunywa. Miadi saa kumi na moja alfajiri, tumeondoka saa kumi na mbili kasorobo kwa sababu msaidizi alilala. Jaketi za kuokolea zipo, ila mbili zina ukungu na moja haina kifungo. Nilimwambia, akasema atanunua. Kivuli hakuna kabisa. Choo, kina mama mnielewe, hakuna. Nahodha anavuta sigara upande wa upepo, moshi wote kwenu. Hiyo ndiyo nyota iliyopungua.

Kazi anaijua, lakini. Alitupeleka kama maili tatu nje, kioo cha boti cha kutafutia samaki kinaonesha maji nyuzijoto 25, na hakutazama samaki kwenye kioo hata mara moja, alitazama ndege. Walipoanza kutumbukia, akazima mashine tukaelea. Akampa Baba fimbo ya kisasa yenye gurudumu. Baba akaishika dakika tano kwa adabu, akairudisha, akatoa mfukoni mshipi wake uliozungushwa kwenye kibao, aliokuja nao kutoka nyumbani bila kuniambia. Nahodha akacheka, akamkatia saradini mzima awe chambo.

Wale wawili hawana lugha moja. Baba ana Kiarabu cha msahafu, nahodha hana Kiswahili hata cha salamu. Lakini mshipi ulipokaza wote wawili walinyamaza pamoja. Baba aliuachia, ukamkimbia vidoleni mpaka nikaona mstari mwekundu, akauzuia kwa kisigino cha mkono, akavuta pima moja, akaachia nusu. Nahodha akatoa kulabu akakaa tayari pembeni, hakugusa mshipi. "Taratibu, ammi, taratibu," akawa anasema kwa Kiarabu, na Baba akimjibu kwa Kiswahili, "Najua, mwanangu, najua." Nguru alipopanda, kilo saba na nusu kwa mizani ya bandarini. Tulipata wengine wawili wadogo kidogo na kolekole kadhaa. Mimi na fimbo ya kisasa nilipata mwani.

Jina na namba ya nahodha siandiki, mwenyewe hataki kuwekwa kwenye orodha ya mtu tena. Nendeni ufukweni Mirbat, muulizeni yule anayekataa watu mwezi wa saba. Beba kofia, kinga ya jua, jaketi lako mwenyewe kama una mtoto, na sanduku la barafu lako, maana lake ni dogo. Barafu tuliongeza Haima njiani na samaki walifika Seeb wagumu. Baba alipika mchuzi wa nazi mwenyewe, kichwa akakikausha ng'onda kwenye roshani yangu, na jirani kaniandikia ujumbe kuulizia harufu ni ya nini.