Kipimo cha HLA-B27 Dodoma: damu wanachukua vizuri, karatasi ya majibu ndiyo inaangusha

Maabara moja binafsi katikati ya mji wa Dodoma inapokea damu ya kipimo cha HLA-B27, alama ya kurithi inayohusishwa na baridi yabisi ya uti wa mgongo. Haipimi yenyewe: inachukua damu, inafungasha na kuituma Dar es Salaam. Tunaipa nyota tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za chumba cha kuchukulia damu, nusu iliyobaki ni ya karatasi ya majibu.

Chumbani hawana mchezo. Mgonjwa haambiwi aje na njaa, na ni sawa, maana vinasaba havibadilishwi na chai na chapati. Mililita 4 zinaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha mchukuaji anakipindua taratibu mara 8 hadi 10. Hakitikisi. Kikitikiswa chembe hupasuka. Kisipopinduliwa damu hufanya mabonge madogo na sampuli hukataliwa huko iendako. Kichupa cha kijani kwa PCR, yaani njia ya kupima kwa kunakili DNA, ni hasara, kwa kuwa heparini iliyomo huzuia kimeng'enya kinachonakili DNA. Jina linaandikwa papo hapo mgonjwa akiwa bado kwenye kiti.

Tatizo linaanzia kaunta. Ukiuliza kipimo kinafanywa kwa njia gani, unajibiwa "ya kisasa". Njia zipo zaidi ya moja, na tofauti yake si ndogo. Moja hutumia kingamwili zenye rangi inayong'aa, zinazonasa HLA-B27 juu ya chembe nyeupe, halafu mashine ya leza inazihesabu. Hiyo inataka chembe zilizo hai, kwa kawaida ndani ya saa 48, na huweza kudanganywa na HLA-B7, alama nyingine ya kurithi, kwa jinsi zinavyofanana. PCR husoma DNA yenyewe, na DNA haina haraka: kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 inakaa siku kadhaa bila neno. Kwa hiyo, kama ni njia ya chembe hai, damu ya Ijumaa jioni itakayolala hapa hadi Jumatatu imekwisha kabla haijapanda basi. Nenda Jumatatu au Jumanne asubuhi. Uliza pia kama bei uliyotajiwa imejumlisha usafiri.

Karatasi yenyewe ina neno moja: "Chanya" au "Hasi". Njia haikutajwa, aina ya B27 haikutajwa, maelezo hakuna. Aina zina uzito wake: B*27:05 inahusishwa sana na ugonjwa huu, ilhali B*27:09 ya Sardinia na B*27:06 ya Asia ya Kusini-Mashariki uhusiano wake ni hafifu. Si kila mgonjwa anahitaji undani huo, lakini kutaja njia ni mstari mmoja tu wa wino.

Hilo neno moja ndilo linalopotosha watu. Uhusiano huu ulitangazwa mwaka 1973 kwa wagonjwa wa London na Los Angeles, na kwa Wazungu wenye ugonjwa huu karibu 90% wanayo alama hiyo. Huku kwetu, kusini mwa Sahara, kwa sehemu kubwa iko chini ya 1% ya watu, na wapo wagonjwa wa Kiafrika wenye ugonjwa kamili bila kuwa nayo. Kwa hiyo "Hasi" haimwondolei mtu ugonjwa. Na "Chanya" si hukumu, kwa kuwa wengi wanaoibeba hawaugui maisha yao yote.

Anayefaidika na kipimo hiki ni mwenye maumivu ya mgongo yaliyoanza kabla ya miaka 45 na kuzidi miezi 3, yanayomwamsha usiku wa manane, asubuhi mgongo umekakamaa zaidi ya nusu saa, akitembea anapata nafuu, akilala yanazidi. Akiwa aliwahi kuugua jicho jekundu lenye maumivu, sababu inaongezeka. Ila kwa mfugaji wa Kongwa au Chamwino anayekunywa maziwa mabichi, akiwa na homa na maumivu ya nyonga, brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ipimwe kwanza. Nayo hushambulia maungio yale yale ya nyonga na uti wa mgongo. Kifua kikuu cha mgongo kiangaliwe pia. Picha ya maungio hayo, hasa ya MRI, inamweleza daktari mengi kuliko herufi na namba za B27. Fomu ya maabara haina hata swali moja kuhusu dalili.

Kasoro ya mwisho ni ya mfukoni. Wahudumu wanashauri kurudia baada ya miezi sita "kufuatilia maendeleo". HLA-B27 haipandi wala haishuki. Unazaliwa nayo au huna. Kama kipimo kilifanywa kwa PCR na jina ni lako, tunza karatasi hiyo na usilipe tena. Ugonjwa hufuatiliwa kwa dalili, picha na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini, ambayo kweli hupanda na kushuka.