Bakapu ya GB 29 kwenye iPad ya GB 64: Humo Ndani Kuna Nini?

Haya, tazameni skrini kwanza kabla sijasema mengi. Bakapu ijayo: GB 29.2. Bakapu ya mwisho kufanikiwa: wiki tatu zilizopita. Nafasi ya bure ya mwenye akaunti: GB 5. Hapo hata asiyependa hesabu anaona tatizo liko wapi.

Karibuni sana. Leo hakuna boksi la kufungua. Nachambua huduma ambayo wengi wenu mnayo na hamjawahi kuifungua mkaiangalia: bakapu ya iCloud, ile inayonakili vitu vya iPad au iPhone yako na kuvipeleka kwenye kompyuta za Apple huko mbali. Wenye Samsung, Tecno na Infinix msiondoke, ya Google nayo nitaigusa.

iPad hii ni ya kaka mmoja, dereva wa watalii hapa hapa Arusha, na ameniruhusu niionyeshe. Kila siku inamletea ujumbe kwamba nafasi imejaa. Fundi mmoja mjini akamwambia dawa ni kununua nafasi kubwa, basi. Sasa mimi sipingi kununua. Ninachopinga ni kununua kabla hujaona umejaza nini, kwa sababu hayo malipo ni ya kila mwezi, na mzigo wenyewe pengine ni takataka.

Na hata ukinunua, kuna habari ya intaneti. Chukua nyumba iliyoko mitaa ya Sakina au Njiro hapa Arusha, yenye waifai ambayo kasi yake ya kupandisha ni Mbps 2, yaani megabiti 2 kwa sekunde. Ya kupandisha, sikilizeni vizuri, siyo ya kushusha. Mara nyingi ya kupandisha ndiyo dhaifu na ndiyo isiyoandikwa kwenye matangazo. GB 29 kwa kasi hiyo zinachukua zaidi ya saa 32 mfululizo. Bakapu ya iCloud inayojiendesha yenyewe inataka iPad iwe kwenye chaji, iwe kwenye waifai na skrini iwe imefungwa. Nani kati yenu anaacha iPad yake imelala kwenye chaji siku nzima na usiku wake na asubuhi inayofuata? Kwa hiyo huyu kaka angenunua GB 50, na bado angeweza kukaa wiki nyingine bila bakapu kukamilika.

Tuingie. Fuateni kidole changu. Setingi, gusa jina lako pale juu kabisa, kisha iCloud. Mnauona huu mstari wa rangi rangi? Huo ndio unaoonyesha nani kala nafasi. Shuka hapa, ingia kwenye sehemu ya kusimamia hifadhi, kisha kwenye bakapu. Wengi wanaishia kwenye ule mstari wa rangi, wanaona neno la bakapu limekula sehemu kubwa, wanakata tamaa. Usiishie hapo. Gusa jina la kifaa chenyewe. Subiri kidogo, inapiga hesabu, inaweza kuchukua dakika kadhaa... Haya, orodha hiyo. Kama inaonyesha programu chache tu, pale chini kuna sehemu ya kuonyesha zote.

Na hapa ndipo nawapunguzia Apple maksi. Orodha muhimu kuliko zote kwenye huduma hii wameizika chini ya kurasa nne. Ujumbe wa "nafasi imejaa" ungekuwa na adabu kama ungekuleta moja kwa moja hapa. Badala yake unakuletea kitufe cha kununua. Na hizo GB 5 za bure ni zile zile tangu iCloud ilipoanza mwaka 2011, wakati simu yenyewe ilikuwa na GB 16 na picha moja ilikuwa ndogo. Leo mtu anarekodi video chache za simba kwa ubora wa juu, nafasi imeisha.

Turudi kwenye orodha. Ya kwanza juu kabisa: programu ya kuchezea video, GB 17.6. Maktaba ya picha, GB 8.1. Kisomeo cha PDF, GB 2.2. Nyingine zote kwa pamoja, GB 1.3. Mmeona? Kitu kimoja kimebeba zaidi ya nusu.

Tuifungue hiyo ya video. Muvi za kutafsiriwa. Sizoni nzima ya Kikorea. Nyingine ya Kituruki, imekatika katikati. Jamaa alikwenda kwenye kibanda cha kuingiza muvi, akajaziwa kwenye laptopu, akahamishia kwenye iPad kwa waya ili awe na cha kuangalia usiku kambini, wageni wakishalala na mtandao hakuna. Ni matumizi ya kawaida kabisa, kila dereva anafanya hivyo. Ila iPad haijui kwamba hizo ni muvi za kupitisha usiku kule porini Ndutu. Kwenye mfumo wa Apple, kila programu ina sehemu ya nyaraka na sehemu ya vitu vya muda. Vilivyo kwenye sehemu ya muda havinakiliwi. Vilivyo kwenye nyaraka vinanakiliwa vyote, labda mtengenezaji wa programu awe ameviwekea alama kwamba visibebwe. Apple inawaagiza watengenezaji wafanye hivyo kwa vitu vinavyoweza kupakuliwa upya. Lakini faili ulilolileta mwenyewe kwa waya mara nyingi linaingia kwenye nyaraka, na mfumo unaamini ni mali yako ya thamani. Bakapu ni kama mpagazi wa Mlima Kilimanjaro: anabeba begi ulilomkabidhi, hafungui kuangalia kama umeweka koti au mawe.

Sasa dawa. Hii swichi pembeni ya jina la programu, naizima. Inaniuliza kama nataka kuizima na kufuta. Hapa ndipo watu wanaogopa na kurudi nyuma, kwa hiyo nisikilizeni: kinachofutwa ni nakala iliyoko iCloud. Muvi zenyewe ndani ya iPad haziguswi. Nakubali... nafungua programu, hizi hapa, Mkorea yupo, Mturuki yupo. Rudi kwenye orodha: bakapu ijayo imeshuka hadi GB 11.6. Kumbuka tu kwamba iPad ikiibiwa kesho, ukirudisha bakapu kwenye nyingine, muvi hazitakuwemo. Utarudi kibandani.

Swali ninalojiuliza kwa kila mstari wa orodha hii ni moja: nikikipoteza hiki, nitakipata tena? Muvi, ndiyo. Kisomeo cha PDF hapa nimekifungua, kumbe kuna vitabu vya ndege na wanyama alivyopewa na wageni, na humo ndani ameandika maelezo yake mwenyewe kwa kidole kwenye kurasa: ndege gani alimwona wapi, mwezi gani. Hizo GB 2.2 ziache. Ningekuwa mimi ningezilipia hata peke yake. Ndiyo maana sipendi wale wanaowaambia watu "zima zote, nafasi itarudi". Itarudi kweli, na siku iPad itakapodumbukia mtoni utajua ulichozima.

Picha sasa, GB 8.1. Hapa kuna mkanganyiko unaowasumbua wengi. Kuna njia mbili za picha kwenda iCloud. Ya kwanza ni iCloud Photos, ambayo inazipandisha moja moja na kuzioanisha kwenye vifaa vyako vyote. Ukiiwasha hiyo, picha hazihesabiwi ndani ya bakapu, ila zinahesabiwa pembeni kwenye nafasi ile ile yako. Ya pili: ukiizima, picha zote zinaingia ndani ya bakapu. Kwa hiyo mtu akizima iCloud Photos akidhani anapunguza, bakapu inavimba. Mzigo haujatoka, umehamia begi lingine.

Kwenye hii iPad imezimwa, ndiyo maana maktaba inaonekana kwenye orodha. Nimepitia na mwenyewe. Nyingi ni video ndefu, na baadhi ni za chini ya gari: sauti ya springi, oili inavyovuja, za kumtumia fundi wa Land Cruiser. Fundi alishaziona, gari lilishapona. Zimefutwa. Lakini tukifuta tu hatujamaliza, kuna ile albamu ya vilivyofutwa karibuni. Vinakaa humo kama siku 30, na muda wote huo vinakula nafasi. Ingia, futa tena. Za wageni zile ndefu tumezihamishia kwenye laptopu na diski ya nje. Maktaba imeshuka hadi GB 2.9, na bakapu nzima sasa inasoma GB 6.4.

Kabla hatujafika mwisho, angalieni kitu kingine kwenye ukurasa ule ule wa bakapu. Kuna kifaa cha pili. iPhone yake ya zamani, ameshaiuza, lakini bakapu yake bado imekaa pale. Kila kifaa kina bakapu yake. Ukiacha kutumia huduma hiyo kwenye kifaa, Apple wanaitunza ile ya mwisho kwa siku 180. Nimemuuliza kama kila kitu alikihamisha kwenye simu mpya, akafungua akaangalia, akasema ndiyo. Basi tumeifuta. Wewe usifute mpaka umehakikisha, maana hiyo hairudi.

Wenye iPhone, jambo moja la WhatsApp. Ina bakapu yake yenyewe ya meseji inayokwenda iCloud, unaiweka ndani ya setingi za WhatsApp. Halafu WhatsApp hiyo hiyo inaweza kuwa imewashwa tena kwenye orodha hii ya bakapu ya simu. Video ile ile ya kamati ya harusi inakula nafasi mara mbili, na harusi yenyewe maharusi wameshapata mtoto. Angalia kwanza tarehe ya bakapu ya ndani ya WhatsApp. Kama ni ya karibuni na imekamilika, zima ile ya kwenye orodha ya simu.

Kwa wenye Android, kisa kinageuka. Bakapu ya kifaa ya Google ni ndogo sana, kwa sababu data ya kila programu imewekewa ukomo wa MB 25. Wengine wanaifurahia hiyo. Mimi ndiyo inanitisha zaidi: ni ndogo kwa sababu vitu vingi haivibebi kabisa, na haikuambii. Yale maelezo ya ndege ya huyu kaka yangekuwa kwenye tableti ya Android, huenda yasingebebwa. Ukiona GB zako 15 za Google zimejaa, mtuhumiwa siyo bakapu ya kifaa. Angalia Google Photos, ambako tangu tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya inahesabiwa. Angalia WhatsApp, ambayo zamani ilikuwa haihesabiwi kwenye nafasi ya Google na siku hizi inahesabiwa. Zima kujumuisha video kwenye bakapu ya WhatsApp, halafu ingia kwenye usimamizi wa hifadhi humo humo. Inakupangia mafaili makubwa kuliko MB 5 na yale yaliyosambazwa mara nyingi. Zile salamu za asubuhi zenye maua na muziki, mama zetu mtusamehe, ndizo za kwanza.

Kama una laptopu, bakapu ya waya haina malipo wala bando: programu ya Finder kwenye Mac zenye mfumo wa macOS Catalina wa 2019 au mpya zaidi, na kwenye Windows ni iTunes au programu ya Apple Devices. Ukiiwekea neno la siri inabeba hata manenosiri uliyohifadhi. Ila laptopu na iPad zikisafiri kwenye begi moja, mwizi wa stendi ni mmoja.

Sasa huyu kaka amebaki na GB 6.4, na za bure ni 5. Ningeweza kumbana zaidi. Sitaki. Kilichobaki ni picha za wageni anazotumia kutafutia kazi na zile PDF zake, kwa hiyo hapa namwambia lipia GB 50, bei utaiona kabla hujathibitisha. Huo ndio mpango mdogo kuliko yote ya kulipia na utamtosha muda mrefu. Nimezima pia ile swichi ya kufanya bakapu kwa data ya simu, maana iPad yake ina laini, na bando la kumpigia bosi kutoka porini lingeliwa usiku mmoja.

GB 6.4 kwa Mbps 2 ni kama saa saba. Leo usiku anabonyeza kuanza, anaichomeka chaji, anafunga skrini, analala. Asubuhi usiangalie ukubwa, angalia tarehe na saa ya bakapu ya mwisho. Kama bado inasoma ya wiki tatu zilizopita, fungua tena ile orodha ya programu zote, shuka mpaka chini.